Kiwandani Ni Jumapili

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, nilipitia taka za jana. Boksi la dawa ya meno, la sabuni, la biskuti, na kile kigogo cha kadibodi kinachobaki karatasi za chooni zikiisha. Nilifumua kila boksi kwa ncha ya kisu nikifuata mstari wa gundi, nikalilaza bapa, nikalipangusa, kisha nikampelekea Baba sebuleni pamoja na kikombe chake. Yeye aliyakagua kwa kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Hili ukuta," alisema asubuhi hiyo. "Hili la biskuti laini mno, tutafanyia dari. Na hili?"

"La vidonge vyako."

"Lina maneno mengi. Liwe sakafu, likanyagwe."

Nilikuwa bado natabasamu simu yangu ilipoanza kutetemeka. Nilikuwa nimeiacha ukingoni mwa ubao uliobeba kiwanda chetu cha kadibodi. Ilitambaa yenyewe kama mende, ikaligonga bomba la moshi ambalo gundi yake ilikuwa bado mbichi, na bomba likalala juu ya paa la banda la kusuka, likabonyeza mabati mawili.

Baba hakulitazama bomba. Alitazama simu.

"Kaka yako huyo," alisema. "Pokea."

Kaka hana salamu ndefu. "Mdogo wangu, hamjambo hapo? Jumamosi nakuja na pikapu. Mfungashie Baba nguo na dawa zake, vingine tutaona."

"Hajamaliza kiwanda," nilisema kwa sauti ndogo.

"Kingekuwa kiwanda cha kweli kingeshafilisika. Jumamosi, dada. Chumba chake nimeshakipaka rangi."

Nilipokata simu Baba alikuwa ameliinua bomba na kulishika kwa vidole viwili ili lisimame.

"Amesema lini?"

"Jumamosi."

"Sawa," akasema.

Baba ni mtu wa sawa. Daktari akimwambia apunguze chumvi, sawa. Mama alipokuwa hai, akimwambia shati hilo si la kwendea mbele za watu, sawa, na alilivua palepale. Tatizo ni kwamba alikuwa na sawa ya kweli na sawa ya kufunika kombe mwanaharamu apite, na zote mbili zilitoka kwa sauti moja. Aliyejua kuzitofautisha ni Mama, na Mama tulimzika mwaka juzi. Alifia chumbani kwake, mlango wa pili ukitoka sebuleni, Baba akiwa amemshika kisigino kwa sababu alilalamika miguu ina baridi. Tangu siku ile sikuwahi kumsikia Baba akimtaja.

Kiwanda alikianza wiki ile ambayo Kaka alitamka kwa mara ya kwanza kwamba atamchukua. Baba alikuwa ameanguka bafuni. Nilimkuta ameketi sakafuni ameegemea ndoo, anasubiri tu, hakuwa ameniita. Kaka alikuja, akakaa naye, akasema kwa upole, maana Kaka si mtu mbaya, kwamba nyumba hii ni kubwa kwa watu wawili, na mimi nikipata kazi itakuwa ya mtu mmoja. Baba akajibu, "Sawa. Ngoja kwanza nitengeneze kiwanda." Tulidhani kichwa kimegonga ukuta.

Lakini alimaanisha. Kiwanda cha magunia kilikuwa mwendo mfupi kutoka kwetu, na Baba alikuwa fundi mitambo humo mpaka kilipofungwa. Mama alishona magunia humo humo. Baadaye walikibomoa, siku hizi pale kuna ukuta mrefu na ndani yake majani tu. Mimi nimesomea chuoni uchoraji wa ramani za majengo, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa yangu. Baba alikumbuka, mimi nikachora. Nilichora kwa sentimita moja kwa kila mita. Aliishika karatasi, akaiinamia muda mrefu, akasema, "Zidisha mara mbili."

"Kitakuwa kikubwa, Baba."

"Na mimi macho yangu ni madogo. Zidisha."

Basi ikawa sentimita mbili kwa kila mita, na jirani yetu seremala akaletwa. Mtaa mzima humwita Nusu Inchi, kwa sababu kila anachokikata hupungua kiasi hicho, na mwenyewe huitikia. Alikuja na vipande viwili vya plaiwudi, akaviunganisha kwa mbao na misumari humo humo sebuleni, juu ya meza ya chakula. Tangu hapo tukawa tunakula tumepakata sahani.

Sikujua kwamba takataka zina mali kiasi hicho. Ukilowesha karatasi ya juu ya katoni na kuimenya polepole, ndani yake unakuta mabati, mistari yote ipo, imenyooka. Tulimenya katoni nyingi mpaka kucha zikaniuma. Plastiki ngumu ya shati jipya ilitoa vioo vya madirisha. Mirija ya kalamu zilizokwisha wino ikawa mabomba ya kushusha maji ya mvua. Njiti za ufagio na uzi mweusi zilitoa ngazi, wavu wa vitunguu ukawa uzio, kopo la maziwa likawa tangi la maji. Gundi ya dukani tuliiweka kwa ajili ya viungo vigumu. Kuta tulizibandika kwa uji wa unga niliouchemsha mwenyewe, na Baba akawa ananikumbusha nisiutie sukari. Kutu tulipata kwenye makapi ya chai, masizi kwenye mkaa.

Paa lilikuwa la meno ya msumeno, jino baada ya jino, kila jino na kioo upande mmoja ili mwanga uwafikie wasukaji bila jua kuwachoma. Hapo ndipo Baba alipokuwa mkali. Jino likipinda kidogo tu, aliling'oa. "Hili litavuja," alisema, na mimi nilikata jingine, ingawa wote tulijua mvua haitanyesha sebuleni.

Kwenye banda la kushonea alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ramani. Alikata kiraka kidogo cha bati, cheusi zaidi ya mengine, akakibandika karibu na dirisha la tatu.

"Hapo palivuja kweli," alisema. "Waliziba mara ngapi sijui. Aliyekaa chini yake alihamisha kigoda kila masika."

Aliyekaa chini yake nilimjua. Hadithi ile nilikuwa nimeisimuliwa na Mama mwenyewe, si Baba. Cherehani yake ilikuwa ikikatika mkanda kuliko cherehani zote za banda lile, na kila mara fundi aliyekuja kuitengeneza alikuwa yule yule. Wenzake walimtania: mashine ya huyu binti ina ugonjwa gani usiosikia dawa? Mwisho Mama akamwambia, "Fundi, kama una neno liseme, mkanda umechoka." Baba akafungua mdomo, akasema kwamba mkanda huo ni wa ubora hafifu. Ilibidi Mama aseme mwenyewe yaliyobaki.

Nilimuuliza Baba kama tuweke watu. Tungeweza kuwakunja kwa waya na karatasi, nilikuwa nimeona ikifanyika chuoni. Alifikiri huku akikwangua gundi kwenye kidole.

"Kiwandani humo ni Jumapili," alisema. "Wako makwao, wamepumzika."

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitengeneza lango, nilipata kazi. Ofisi ya wachora ramani, mji mwingine, kuanza mwanzo wa mwezi ujao. Baba alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Sawa, mama," aliniambia. Huniita hivyo akiwa na furaha. "Sawa kabisa." Kisha akaanza kukumbuka vitu. Kulikuwa na kibanda cha mlinzi. Kulikuwa na banda la baiskeli. Kulikuwa na mtaro wa maji machafu na kidaraja chake, na kibao cha kukataza uvutaji wa sigara. Kila tulipokaribia mwisho, kiwanda kiliota kitu kipya. Nilikata na kubandika, na kila siku nilikuwa na sentensi moja mdomoni: sitaenda, nitabaki na wewe. Nilimrithi Baba mambo mengi, na kimya ni mojawapo. Niliimeza sentensi yangu pamoja na chai.

Jumamosi Kaka alifika mapema. Alikuja na godoro jipya nyuma ya pikapu, likiwa bado kwenye nailoni yake, na kamba, na mablanketi ya kufungia vitu. Alimkumbatia Baba, akanivuta sikio kama zamani, akaingia sebuleni akisema, "Haya, tukione hicho kiwanda kilichotutesa."

Hakuwa amekiona tangu kilipokuwa plaiwudi tupu. Alikizunguka polepole, mikono nyuma. Aliinama kwenye lango.

"Hapa," alisema. "Hapa kwenye nguzo hii ndipo nilipokuwa nikimsubiri Mama akitoka kazini. Mlinzi alikuwa akinipa karanga." Aligusa nguzo kwa kucha. "Umeweka mpaka ufa wake."

"Lori liliigonga," Baba alisema.

"Baba, hiki nitakiweka sebuleni kwangu. Watu waje wakione. Hukioni kikikaa karibu na dirisha kubwa?"

"Sawa," Baba alisema.

Tulianza kukibeba, Kaka upande mmoja, mimi na dereva wa pikapu upande wa pili. Kilikuwa chepesi kwa namna ya kusikitisha. Tulikifikisha mlangoni kikakataa. Tulikilaza ubavu, Baba akiwa ameshika bomba la moshi lisivunjike. Kikapita nusu, kisha pua yake ikagonga ukuta wa ujia. Ujia wetu ni mwembamba na unakata kona hapo hapo. Tulikirudisha. Tulikisimamisha wima, kikafika darini kabla hakijafika mlangoni. Madirisha yana nondo. Dereva alijifuta jasho, akaenda kusubiri nje.

Nusu Inchi alikuwa amesikia kelele, akaja na kanda yake ya kupimia shingoni. Alipima kiwanda, akapima mlango, akapima ujia, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee wangu," alisema. "Umeotesha boga ndani ya mtungi. Sasa ama uvunje mtungi, ama ukate boga."

"Cheka vizuri," Kaka alisema, naye akicheka. "Ubao uliupigilia wewe humu ndani."

"Mimi ni mtu wa kukata, sikuulizwa habari za kutoka. Lakini hawa wawili? Mmoja fundi mitambo, mwingine ana cheti cha ramani, na hakuna aliyetazama mlango! Angalau leo mtaa utaacha kunisema mimi."

Nilihisi uso unawaka. Lilikuwa kosa langu kweli. Jambo la kwanza walilotufundisha ni kwamba kitu hujengwa pale kinapoweza kutoka. Nilijaribu kucheka nao. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, anatabasamu kidogo, mikono juu ya magoti.

"Tutakikata vipande viwili," Kaka alisema. "Tukifika kwangu tutakiunganisha. Sawa, Baba?"

"Sawa."

"Tukate wapi?"

Baba alisimama. Alichukua rula yake ya chuma na penseli, akaviweka mkononi mwa Nusu Inchi, akarudi nyuma hatua moja. Hakuonyesha mahali. Nusu Inchi alitafuta katikati, akapiga mstari. Mstari ulipita kwenye ua, ukapanda ukuta, ukaingia banda la kushonea, ukalikata dirisha la tatu pamoja na kiraka chake.

"Hapo patakuwa pazuri," alisema, "chini hakuna mbao ya kuzuia msumeno."

Nilimtazama Baba. Alikuwa akiangalia ule mstari, na uso wake haukuwa na kitu chochote. Nikawaza juu yake, si juu ya mlango. Huyu ni mtu ambaye hakununua godoro bila kupima kitanda. Alipima kadibodi ya boksi la sabuni kabla ya kuikata, akapima tena baada ya kuikata. Pazia la chumba hiki alilipima yeye. Mlango huu aliuning'iniza yeye mwenyewe, na akaupiga randa mara mbili kwa sababu ulikuwa unasugua wakati wa mvua.

Nusu Inchi aliweka msumeno kwenye ukingo wa plaiwudi.

"Ngoja," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia, na wote wakanigeukia. Nilitamani niseme kwamba nataka kuondoa tangi la maji kwanza. Ningeweza kusema hivyo na hakuna ambaye angejua.

"Baba," nilisema. "Uliupima mlango?"

"Hakuupima, ndiyo maana tuko hapa," Kaka alisema.

"Namuuliza Baba."

Baba alisugua kidole gumba kwenye mshono wa suruali, akitafuta gundi ambayo haikuwepo. Nusu Inchi aliacha kutabasamu. Aliuondoa msumeno kwenye ubao, taratibu, akaushika kando ya paja kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

"Niliupima," Baba alisema.

"Lini?" Kaka aliuliza.

"Kabla. Kabla ya kumwambia mdogo wako azidishe mara mbili. Mlango na ujia na kona."

Kaka aliketi kwenye mkono wa kiti. Alionekana amechoka ghafla, kama aliyebeba godoro lile mgongoni tangu kwake. "Kwa nini hukusema, Baba? Nimepaka chumba. Nimewaambia watoto babu anakuja, wanagombania nani alale karibu nawe. Ningekusikiliza. Mimi ni mtu wa kukulazimisha?"

"Hapana. Wewe ni mtoto mzuri. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Baba alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu.

"Ulipokuja mara ya kwanza huyu alikuwa hana kazi. Niliwaza, kiwanda hakitoki, na mimi sitatoka, tutabaki hivi. Akapata kazi. Sasa ningesema nini? Nikisema sitaki kwenda, ataiacha. Namjua. Amekuwa na hilo neno mdomoni mwezi mzima, namwona akilimeza." Alipumua. "Nisingeweza kusema. Nikaongeza kibanda cha mlinzi."

Hakuna aliyecheka. Nusu Inchi alisema kwa sauti ya chini kwamba atakuwa nje na dereva, akaondoka na msumeno wake. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kiwanda, na machozi yalinijaa kiasi kwamba meno yote ya paa yaliyeyuka yakawa kitu kimoja.

"Basi sema sasa, Baba," Kaka alisema. "Hata kama haiwezekani. Unataka nini?"

Nilidhani Baba ameshindwa, na kwamba neno litakalotoka ni lile lile, na tutafunga virago. Alishika ukingo wa ubao.

"Sitaki kwenda," alisema. "Na sitaki huyu abaki. Yote mawili. Najua hayakai pamoja, na najua nitaanguka tena siku moja na hakutakuwa na mtu. Lakini chumba kile alimolala mpaka mwisho kiko hapo mlango wa pili, na kila asubuhi nikiamka nakaa kidogo pale kitandani kabla huyu hajaniona. Nataka kubaki na mama yenu."